Tumekua, Je, Tumeacha Kustaajabu?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Swali ninalotaka tulitafakari katika makala hii ni hili: je, kukua maana yake ni kuacha kustaajabu na kuacha kutumaini? Wengi wetu hatujawahi kulijibu kwa maneno, lakini tumekwisha kulijibu kwa mwenendo wetu. Sikiliza mazungumzo ya bwenini baada ya Isha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisema kwamba akimaliza masomo anataka kurudi kijijini kwao afungue zahanati, wa mwaka wa tatu wanacheka. "Subiri kwanza umalize," wanamwambia, "utaona." Anayestaajabu anaitwa mshamba. Anayetumaini anaitwa mtoto. Anayebeza kila kitu ndiye tunayemhesabu kuwa mtu mzima aliyeerevuka.

Mimi naona kubeza si ukomavu. Lakini sikubaliani pia na wanaotuambia dawa yake ni kurudi utotoni. Uislamu haututaki turudi nyuma. Unatutaka tukikuze kile tulichozaliwa nacho mpaka kifike mwisho wake. Mtoto hustaajabu kwa sababu kitu ni kipya kwake, na Muumini hustaajabu kwa sababu anajua kitu hicho kimeumbwa. Mtoto hutumaini kwa kuwa bado hajaijua dunia, na Muumini hutumaini kwa kuwa anamjua Mola wake. Kwa hiyo upya ukiisha na dunia ikishajulikana, Muumini hana sababu ya kupoteza chochote.

Neno "ajabu" limetupotelea wapi?

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi juu yetu. Neno ajabu tumelipokea kutoka Kiarabu. Katika Surat Al-Jinn (72:1) tunasimuliwa kwamba kundi la majini liliisikiliza Qur'ani, kisha likasema kwamba limesikia Qur'ani ya ajabu. Ilikuwa ajabu ya uzuri na uongofu, na ilizaa imani papo hapo.

Sasa angalia sisi watu wazima tunalitumiaje neno hilo. Tunasema "ajabu!" mweka hazina akitoweka na fedha za chama, ndugu wa tumbo moja wakigombania shamba la marehemu baba yao, au kiongozi akiikana ahadi aliyoitoa mbele ya umati. Hata methali "Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni" tunaitumia kumwonya mwenzetu kwamba mabaya zaidi yako njiani. Ajabu imekuwa ni habari ya uovu.

Mtoto wa miaka minne halitumii neno hilo hivyo. Kwake ajabu ni konokono anayetembea na nyumba yake mgongoni, na mwezi unaomfuata kila anakokwenda. Akiuona mwezi anauliza: nani ameuweka kule juu? Mbona hauanguki? Sisi tunacheka, lakini hayo ndiyo maswali waliyoyaandikia vitabu wanafalsafa na wanachuoni wa ilmul-kalaam. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile la asili linaloelekea kumjua Muumba. Swali la "nani ameuweka?" naliona kuwa ni mlango mmoja wa fitra hiyo. Halijafundishwa na mwalimu. Mtoto amekuja nalo.

Kilichoua mshangao ni mazoea, si elimu

Kuna dhana iliyoenea vyuoni kwamba mshangao hupungua kadiri elimu inavyoongezeka, kana kwamba aliyesoma jinsi mvua inavyofanyika hana tena haki ya kuistaajabia. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliona kosa liko mahali pengine.

Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, kwenye mlango wa mahaba, anaeleza kwamba mtu huanza kuviona viumbe akiwa mtoto, kabla akili yake haijakomaa. Akili huja kidogo kidogo baadaye, na inapofika inamkuta ameshazama katika matamanio yake na ameshavizoea vitu vyote vinavyomzunguka. Kwa hiyo havimgusi tena. Ndiyo maana, anasema, mtu akimwona ghafla mnyama mgeni au mmea asioujua, ulimi wake unamtukuza Mwenyezi Mungu wenyewe bila kuamrishwa, ilhali mchana kutwa anauona mwili wake mwenyewe na wanyama wa nyumbani kwake na hasemi kitu. Kisha anatoa mfano wa mtu aliyezaliwa kipofu, akakua, akakamilika akili, halafu macho yake yakafunguliwa mara moja akaona mbingu, ardhi, miti na wanyama. Mtu huyo, anasema Al-Ghazali, angehofiwa kurukwa na akili kwa wingi wa mshangao.

Tuutazame vizuri mfano huu. Mtoto ana macho lakini bado hana akili ya kupima anachokiona. Sisi tuna akili, lakini macho yetu yamelala. Kipofu wa Al-Ghazali ndiye pekee aliyepata vyote viwili kwa wakati mmoja. Tatizo letu, basi, ni kwamba tulizoea kabla ya kufahamu. Elimu haina hatia hapo. Dawa nayo haiwezi kuwa kupunguza elimu ili turudi kuwa kama watoto. Dawa ni kuiamsha elimu tuliyo nayo ili iyafungue macho.

Sisi tunaosoma hapa Mbale tuna ushahidi juu ya vichwa vyetu. Mwamba wa Wanale umesimama juu ya mji huu, na baada ya mvua kubwa maporomoko ya maji yanaonekana yakishuka kama nyuzi nyeupe. Mgeni akifika siku ya kwanza anasimama na kutoa simu apige picha. Baada ya muhula mmoja anapita chini yake akitazama simu ileile, na hainui kichwa. Wanale haijabadilika. Na yule aliyesoma jiografia akajua kwamba mwamba huu ni sehemu ya Mlima Elgon, volkano iliyozimika iliyo na kilele cha mita 4,321, alitakiwa ashangae zaidi kuliko mgeni. Yeye anajua kwamba anapita chini ya mabaki ya moto.

Katika Surat Yusuf (12:105) Mwenyezi Mungu anataja jinsi zilivyo nyingi ishara mbinguni na ardhini ambazo watu wanazipita huku wamezipa mgongo. Hawalaumiwi kwa kutozijua ishara hizo. Wanalaumiwa kwa kuzipita. Na Surat Al-Ghashiya (88:17-20) inawaelekeza Waarabu wa jangwani watazame ngamia alivyoumbwa. Ngamia! Hakuna kitu walichokizoea zaidi. Walimkamua, walimpanda, walimla, walimfunga mlangoni. Hawakuambiwa wakatafute kiumbe wa nchi za mbali, bali wamtazame upya yule waliyelala naye uani.

Wahenga wetu walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mazoea huona vinavyoelea tu. Mazingatio huuliza nani ameviunda.

Hatari hii sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu hatukuepushwa nayo. Pengine inatukabili zaidi. Mtu anaweza kuichambua aya ya ngamia neno kwa neno, akataja irabu zake na kauli za wafasiri, akapata alama za juu katika mtihani, na tangu muhula uanze asimtazame kiumbe hata mmoja kwa mazingatio. Qur'ani nayo huzoeleka kama mlima.

Mtume (s.a.w.) na mvua

Anayedhani kustaajabu kunashusha hadhi ya mtu mzima na atazame sira. Anas (r.a.) anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba walikuwa pamoja na Mtume (s.a.w.) mvua ikanyesha. Akaifunua sehemu ya nguo yake mpaka mvua ikamgusa mwilini. Walipomuuliza kwa nini amefanya hivyo, aliwaeleza kwamba mvua hiyo ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake.

Anas alimtumikia Mtume Madina, kwa hiyo tunamzungumzia mtu aliyevuka miaka 50, kiongozi wa umma, kadhi, amiri wa jeshi. Watoto wetu nao mvua ikinyesha hukimbilia uani wakavua mashati. Kwa nje ni tendo linalofanana, lakini sababu ni tofauti kabisa. Mtoto anafurahia maji. Mtume (s.a.w.) anafurahia maji kwa sababu anajua yametoka kwa nani. Huu ndio mshangao uliokua. Haukuuacha mwili ukabaki falsafa tupu, kwani ngozi yenyewe ilishiriki. Wala haukubaki mchezo, kwani ulikuwa na jibu alipoulizwa.

Matumaini yana jembe

Tuje sasa kwenye matumaini, ambayo ndiyo yanayotuuma zaidi. Mshangao ukipotea huenda mtu asijue kwamba amepoteza kitu. Matumaini yakipotea mtu anajua, maana hapati nguvu ya kuamka. Kila mmoja wetu anamjua mhitimu aliyezunguka na vyeti vyake katika bahasha miaka miwili, mitatu, na sasa anaendesha bodaboda au amerudi nyumbani kukaa. Si haki kumwambia mtu kama huyo "tumaini tu, ndugu yangu" na kuondoka.

Hapa tena Al-Ghazali anatusaidia. Katika mlango wa khofu na matumaini wa Ihya anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Mkulima aliyechagua ardhi nzuri, akapanda mbegu njema, akamwagilia, akapalilia, kisha akakaa kungoja fadhila za Mwenyezi Mungu azikinge mbegu zake na maafa, huyo kungoja kwake ndiko kunakoitwa rajaa, matumaini ya kweli. Aliyeitupa mbegu katika ardhi ngumu iliyoinuka, isiyofikiwa na maji, asiihudumie, kisha akangoja mavuno, huyo anajidanganya.

Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Elgon wanalielewa hili bila kusoma Ihya. Mche wa kahawa huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana, na muda wote huo mkulima analipalilia shamba lisilompa kitu. Mtoto hawezi matumaini ya namna hiyo. Mtoto akipanda punje ya mahindi asubuhi, jioni anaifukua aone kama imeota. Matumaini ya utotoni ni mepesi kwa sababu hayana jembe. Matumaini ya mtu mzima yana malengelenge mikononi, na ndiyo yenye thamani zaidi.

Ni hadithi ya kupanda pia iliyobeba fundisho kubwa kuliko yote katika mlango huu. Imam Ahmad, na Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad, wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, basi kama anaweza kuupanda, na aupande. Hapo hakuna atakayekula matunda wala atakayekaa kivulini. Maana ya kupanda imebaki moja tu, kwamba Yule unayempandia hapotezi malipo ya mtu. Matumaini ya Muumini hayakutundikwa kwenye soko la ajira, wala kwenye uchaguzi ujao. Yangetundikwa huko yangeanguka nayo.

Na walionyimwa utoto?

Yapo mazungumzo mengi matamu siku hizi ya kumtafuta "mtoto aliye ndani yako". Nina wasiwasi nayo kwa sababu moja kubwa. Katika safu zetu za swala wamo ndugu na dada waliotoka Burundi, Kivu, Somalia na Sudan Kusini. Wapo waliokulia katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, waliopanga foleni ya maji kabla ya kujua kusoma, waliozika wazazi kabla ya kubaleghe. Ukimwambia mtu huyu arudi utotoni akachukue matumaini, unamrudisha kwenye moto. Kama matumaini yangekuwa mali ya utoto wenye raha, basi yangekuwa urithi wa wenye bahati peke yao.

Lakini mtazame Mtume wetu (s.a.w.). Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na babu yake akiwa na miaka minane. Utoto wake ulikuwa wa kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Na bado huyu ndiye aliyekuja kusema, baada ya watu wa Taif kumkataa na Malaika wa milima kumjia tayari kuwafunika watu kwa milima miwili ikiwa atataka, kwamba yeye anatumaini Mwenyezi Mungu atatoa katika migongo yao watakaomwabudu Yeye peke yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, naye alimsimulia Bibi Aisha (r.a.) kuwa siku hiyo ilikuwa nzito kwake kuliko siku ya Uhud. Katika siku hiyo nzito aliwatumainia watoto ambao hata hawajazaliwa.

Kutumaini hivi hakuna maana ya kutolia. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (12:84), na aya tatu tu baadaye anawatuma wanawe wakamtafute ndugu yao na kuwakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu (12:87). Machozi na matumaini vilikaa katika kifua kimoja. Anayelia hajatoka katika matumaini. Anayetoka ni yule anayeacha kutafuta.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu anaweza kuuliza: kama mimi nimechagua kubeza, nani ananidai? Wanakudai watoto. Wengi wetu baada ya miaka michache tutakuwa wazazi, walimu wa madrasa, maimamu, wauguzi. Mtoto atakuja na swali la mwezi. Mtu mzima aliyekufa moyo hana la kumjibu ila "nyamaza" au fimbo, na hivyo tutakuwa tumemfundisha kwamba dini ni mahali pa kufunga maswali.

Hivyo sivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.). Alipomkuta mtoto Abu Umayr amehuzunika kwa kufiwa na kidege chake, alimuuliza habari za kidege kile kwa upole na utani. Hadithi hiyo fupi imo katika Bukhari na Muslim, na mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliitungia kijitabu kizima akatoa humo faida zipatazo 60. Alipoona katika wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.) farasi mwenye mbawa mbili, alimuuliza kama farasi ana mbawa. Bibi Aisha akamkumbusha kwamba Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa, naye akacheka mpaka magego yake yakaonekana, kama alivyopokea Abu Dawud. Hakumkemea kwa kuwaza jambo lisilokuwepo. Al-Ghazali naye katika Ihya anahimiza mtoto apewe nafasi ya kucheza mchezo mzuri baada ya masomo, kwa kuwa kumzuia kabisa na kumbana kwa masomo mfululizo kunauua moyo wake na kuzima werevu wake. Walimu wa madrasa watarajiwa tulihifadhi neno hili.

Tuanzie wapi?

Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kwanza, kila siku tuchague kiumbe kimoja tulichokizoea, jani, mkono wetu, mende wa bwenini hata, tukitazame kwa dakika chache na kumtaja Aliyekiumba. Pili, kila wiki tuisome aya moja tunayoihifadhi tangu madrasa kana kwamba imeteremka leo, polepole, bila haraka ya mtihani. Tatu, tukae na watoto wa mtaa na wa ndugu zetu, tujibu maswali yao kwa uaminifu, na tusipojua tuseme hatujui. Nne, tuchunge ndimi zetu. Mwenzetu akitaja ndoto yake njema, tumuulize mbegu yake iko wapi na maji yatatoka wapi, badala ya kumcheka. Mtume (s.a.w.) alipenda neno jema lenye kutia matumaini, na neno hilo halina gharama.

Na mvua ijayo itakaponyesha hapa Mbale, na inanyesha mara nyingi, tusikimbilie wote barazani. Anayeweza na atoe mkono wake nje kidogo.

Ewe Mola wetu, yafungue macho yetu kwa ishara zako, zihuishe nyoyo zetu zilizozoea, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa waliokata tamaa na rehema yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.